Njia Niliyoichora Mezani

Sumbawanga,
Jumapili alasiri, mwishoni mwa Oktoba.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama umfikishie kabla hujaendelea, maana nakujua, utaifungua barua hii palepale barazani pa misheni na kuisoma umesimama. Naomba ikukuteni nyote mkiwa wazima, vitalu vya tumbaku vimeshika, na lile goti lako la kushoto limetulia. Je, Dada Imakulata amejifungua salama? Nimehesabu miezi nikaona wakati wake umekwisha fika, na sijapata habari.

Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Ufipa imepungua, sasa ni upepo na vumbi tu. Najua mmekaa miezi mitatu bila neno kutoka kwangu, na najua Mama amekwisha sema nimeoa huku kimya kimya. Sikuoa. Nilikuwa nashindwa kuandika. Baba, isome kwanza mwenyewe mpaka mwisho, halafu Mama umsomee sehemu utakazoona zinafaa.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimetengeneza meza ya vita hapa shuleni. Fundi seremala wa mtaa wa Majengo alinipigia sinia la mbao, pana kama kitanda cha watu wawili, nikalijaza mchanga wa mtoni. Mchanga ukiulowesha kidogo unakubali kila kitu: milima, mabonde, ngome. Kwa mto nilitandaza uzi wa buluu. Nyumba zilikuwa viberiti vitupu. Askari wa upande mmoja punje za mahindi mekundu, wa upande wa pili punje nyeupe, na majemadari maharage. Dadu nilichonga mwenyewe. Sheria zilikuwa zilezile ulizonifundisha wewe mkekani kwa kunde na mbaazi: aliye mlimani huongezewa moja, aliyetembea siku nzima bila maji hupunguziwa moja, na aliyezungukwa hatupi dadu tena.

Wanafunzi walilipenda somo hilo kuliko masomo yote. Tulipigana vita vya Warumi na wale watu wa Karthago waliovusha tembo kwenye milima ya barafu. Tulipigana Majimaji, na kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini babu zetu hawakuzunguka boma la Wajerumani usiku badala ya kulikabili mchana. Tulipigana hata vita vyako vya Burma, ingawa huku hakuna anayejua msitu ule unafananaje, nikauchora kwa yale uliyonisimulia. Ilikuwa furaha, Baba. Sitakuficha, nilikuwa mwalimu mwenye sifa mji mzima.

Ndipo nikataka tupigane vita vya hapahapa. Unajua mababu zetu Wangoni walipotoka kusini walipita Ufipa, na mfalme wao mkuu akafia katika nchi hii. Wazee wa huku wanawaita Watuta, na hawawakumbuki kwa mema. Nikauliza ni nani anayeijua habari ile vizuri. Nikaelekezwa kwa Mzee Pankrasi, mkulima wa ulezi katika kijiji kimoja cha bondeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini. Jina la kijiji sitaliandika.

Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini. "Mngoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umekuja kumalizia?"

Mkewe, Bibi Skolastika, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akaniita Mtuta wangu, na sikuwahi kuondoka nyumbani kwake bila kula maharage na ugali wa ulezi. Nilikwenda kila mwisho wa juma kwa mwezi mzima. Mzee Pankrasi alinisimulia Watuta walivyokuja kwa umbo la ng'ombe: kifua mbele kikipiga kelele, pembe mbili zikizunguka pembeni. Akasema watu wa kijiji chao waliokoka kwa sababu ya njia moja tu iliyopita nyuma ya mlima, kati ya mawe mawili makubwa. Ukisimama chini huioni. Bibi yake alipita hapo akiwa msichana, na mdogo wake mgongoni.

Siku moja akanipeleka. Tukapita kati ya mawe yale, yeye mbele mimi nyuma, mabega yakigusa pande zote mbili. Akaniambia, "Njia hii ni ya ukoo. Wewe nimekuonyesha kwa sababu unaandika." Nikarudi shuleni nikaijenga mezani, mlima, mto, mawe mawili, kila kitu mahali pake.

Sasa sikiliza lililofuata.

Mwaka huu, kama huko kwenu, watu wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Unajua mimi nilivyo, Baba. Ninaamini watu wakikaa pamoja watapata shule, maji na zahanati, na nimewahi kusimama mbele ya darasa nikasema hivyo kwa moyo wote. Watu wa kijiji cha Mzee Pankrasi hawakukataa kwa matusi. Walisema waachwe kwanza wavune, halafu wasambaze matuta yao, maana Wafipa hufukia majani ndani ya matuta makubwa yanayoitwa ntumba, na kuyaacha yaoze, na mwaka unaofuata ndiyo mbolea ya ulezi. Ukimhamisha mtu kabla hajayasambaza umemnyang'anya mwaka mzima wa jasho. Malori yalikwenda kuwachukua mara mbili, na mara mbili yakakuta kijiji kitupu.

Bwana mmoja aliyekuwa akiongoza kazi hiyo, ambaye watu walimwita Bwana Operesheni, alikuja shuleni kumwona mkuu wetu. Si mtu mkali. Ni mpole, anavaa miwani, anaulizia afya ya watoto wako. Alipita darasani kwangu baada ya vipindi, akasimama mbele ya meza.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Somo la historia, Bwana."

"Historia yenye milima!" Akainama, akavua miwani, akaifuta na kuivaa tena. "Lakini hapa napajua. Huu si ule mto? Hiki si kijiji cha bondeni?"

"Ndicho."

Akaufuata uzi wa buluu kwa kidole. Kisha akasema kama anayejisemea, "Mara mbili nimepeleka malori pale. Nimekuta kuku. Watu wanayeyuka kama chumvi. Wanapitia wapi?"

Baba, ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Lakini mtu mkubwa alikuwa ameinama juu ya meza yangu, ananiuliza mimi, na mimi nilikuwa na jibu. Nilichukua fimbo ya ubao.

"Ukija na malori kwa barabara hii," nikamwambia, "unawapa nusu saa ya kusikia injini. Tena unakuja kwa upande mmoja tu. Wangoni hawakufanya hivyo." Nikamwaga mahindi mekundu. "Kifua kije polepole kwa barabara, kipige kelele, kionekane. Pembe hii ipite mtoni alfajiri. Na pembe hii ikae hapa tangu kabla ya jua, nyuma ya mlima, kwenye haya mawe mawili."

Nikaweka punje kumi na mbili kwenye njia ya Mzee Pankrasi.

Tulicheza mara tatu. Yeye alichukua upande wa wanakijiji, punje nyeupe, akajaribu kila ujanja. Mara zote tatu nilimfunga. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, hii ndiyo sayansi. Sisi wengine tunapiga kelele tu." Nilirudi kwangu nikitembea kama nimepandishwa cheo. Sikufikiri kwamba nimefanya jambo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala si kujitetea. Nilifikiri ni mchezo tumecheza, watu wawili wazima, baada ya kazi.

Juma lililofuata alinitumia mtu: njoo alfajiri, uone historia kwa macho yako. Hapo nilielewa. Na bado nikaenda. Nilijiambia nikiwapo nitazuia watu wasiumizwe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti, baridi ya kukata masikio. Niliwekwa juu ya kichuguu kando ya barabara, na kutoka pale kijiji kizima kilionekana kama mezani, viberiti vyangu vyote vikitoa moshi wa asubuhi. Malori yakaja yakipiga honi. Watu wakatoka wakakimbilia mlimani, mbio za kimya, kila mama na mtoto wake, kama watu wanaojua wanakokwenda. Wakapotea nyuma ya mlima. Baada ya muda mfupi nikawaona wanarudi, wanateremka polepole mbele ya mgambo, hawabebi tena kitu. Hakuna aliyepigwa. Hakuna risasi iliyolia. Bwana Operesheni aliniambia kwa furaha, "Umeona? Hata tone la damu."

Wa mwisho kuteremshwa alikuwa Bibi Skolastika, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wameubeba. Yeye ndiye aliyetangulia, kwa kuwa njia ile aliijua hata akifumba macho. Alipofika kati ya mawe akakuta watu wamesimama. Alishtuka, akageuka, mguu ukateleza, akaangukia nyonga. Kichwani alikuwa na kikapu cha ulezi wa mbegu, ukamwagika wote.

Walipomfikisha kwenye lori aliniona. Uso wake ulikuwa wa majivu. Akaninyooshea mkono.

"Mtuta wangu," akasema. "Na wewe wamekukamata?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi."

Baba, hilo ndilo neno ambalo limenizuia kuandika miezi hii mitatu.

Nyumba zilichomwa mapaa ili watu wasirudi. Bibi alipelekwa hospitali ya misheni, masista wakamtunza kwa kila waliloweza, lakini mwili wa mzee ukilazwa chali kwa nyonga iliyovunjika, kifua hujaa. Alifariki baada ya majuma mawili. Nilikwenda kwenye maziko nikasimama nyuma kabisa, karibu na uzio, na Misa ilipokwisha nikaondoka kabla Mzee Pankrasi hajageuka.

Siku kumi nyingine nilikuwa nafundisha huku sijui ninasema nini. Mwenye nyumba yangu, Bwana Salehe, mwenye duka hapa Majengo, aliniuliza kama naumwa malaria. Nikamweleza yote. Alisikiliza, akafunga daftari lake, akasema, "Mwalimu, mimi sina la kukwambia. Anayeweza kukwambia yuko kule walikomhamishia." Kesho yake, Jumamosi, nikaenda.

Kijiji kipya ni mstari mmoja mrefu, kama mistari ya gwaride. Nyumba nyingi bado hazijaezekwa. Mzee Pankrasi alikuwa peke yake nje, anachambua nyasi za paa. Aliponiona hakusimama.

"Karibu, Mwalimu."

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kukuambia neno."

"La njia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea na nyasi zake.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Wale mgambo ni vijana wa mjini, hawajui hata mto unakotokea. Na njia ile, nje ya ukoo, nimemwonyesha mtu mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Skolastika nilimficha. Amekufa anakuombea. Kila siku hospitalini: yule kijana wa Kingoni sijui wamemfanya nini."

Nikalia, Baba. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya nyumba za watu. Mzee Pankrasi akaninyanyulia macho mara moja.

"Ukilia simama pembeni. Unakanyaga nyasi zangu."

Nikasogea. Nilipotulia nikamwuliza nifanye nini. Nilitaka aniambie niende polisi, au aniambie nisimwone tena, au anilaani, lolote. Akafunga kwanza fungu moja la nyasi. Akasema ntumba zake zote zimebaki kule bondeni, na hapa amepewa ardhi mbichi ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Mvua haiko mbali. Binti yake ameolewa mbali, huko Msanzi, na ana mimba, hawezi kuja. "Jumamosi huna shule," akasema.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nalima kwa Mzee Pankrasi. Ardhi ni ngumu kama sakafu. Hatuzungumzi sana. Ananirekebisha ninavyoshika mpini, ananipa maji, jioni natembea kurudi mjini. Mama asikilize hapa: viganja vimepasuka lakini vinapona.

Jumatano ya juma lililopita Bwana Operesheni alirudi. Alikuwa na karatasi yenye kijiji kingine, upande wa kusini. Akaniulizia mama yangu, akaulizia afya yangu, kisha akasema, "Mwalimu, tukae tena mezani."

Meza nilikuwa nimekwisha ivunja. Mchanga nilimwaga kwenye mashimo ya uwanja wa mpira, mbao nikawapa wapishi wa shule.

"Meza haipo, Bwana."

"Mchanga si upo mtoni?"

"Mchanga upo. Mimi ndiye sipo."

Alinitazama nyuma ya miwani yake, hakukasirika. Hilo liliniogopesha zaidi. Akasema kwa upole, "Unapinga siasa ya nchi?"

"Sipingi. Nitakwenda kufundisha katika kijiji chochote mtakachojenga, hata kama hakina paa. Lakini sitawaonyesha njia wanayokimbilia watu."

Ijumaa nililetewa barua nijieleze kwa maandishi. Mkuu wa shule, ambaye ananipenda, alinishauri niandike kwamba nilikuwa na homa na nilisema nisiyoyajua. Bwana Salehe naye akasema hivyohivyo. Homa haimfukuzi mtu kazi. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Mwishowe nikaandika mistari mitatu: nimekataa, sikuwa na homa, na sababu yangu ni mama mzee aliyeanguka. Sijui watanifanya nini. Huenda nikahamishwa, huenda nikafukuzwa ualimu. Nikifukuzwa nitarudi nyumbani kulima tumbaku nawe, kama utanipokea.

Kuna jambo nataka kukuuliza, na ukiona halifai usijibu. Kule Burma ulipokuwa askari wa Keya, uliniambia habari za mvua, za nyumbu wa mizigo waliozama matopeni, za mto mliovuka kwa kamba. Hukuwahi kuniambia habari za watu wa vijiji mlimopita. Pale mkekani, punje iliyokufa ulikuwa unairudisha kikombeni, kesho tunacheza nayo tena. Nikiwa na miaka kumi hivi nilikuuliza kama kule nako waliokufa walirudi kikombeni. Uliinuka ukaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamekwisha fungwa. Sikulaumu, Baba. Nadhani ulitaka nipate ule uzuri wake peke yake. Lakini sasa mimi nawe tumekuwa watu wa aina moja, na ningependa kujua mwenzangu anaishije.

Jana, Jumamosi, nilimweleza Mzee Pankrasi habari za barua ya kujieleza. Hakusema nimefanya vema. Aliuliza tu, "Wakikufukuza utaondoka lini?" Nikasema sijui. Akaingia ndani ya nyumba yake isiyo na mlango, akakaa humo kidogo, akatoka na jembe dogo, mpini wake umelainika na kung'aa kwa kushikwa.

"La Skolastika," akasema. "Usidhani nimekusamehe. Lile kubwa linakushinda, na mvua haingoji. Shika hili."

Nikalishika. Tulilima mpaka jua likaelemea magharibi, na kipande kilichobaki ni cha Jumamosi moja tu.

Barua hii nampa Bwana Salehe, anakwenda Mbeya kesho kuchukua bidhaa, ataitia posta kule. Ukinijibu mpitishie yeye.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri na sijaoa. Msalimie Dada Imakulata na huyo mgeni aliyemleta, awe wa kike au wa kiume. Msalimie kaka yangu mkubwa Gaspari, mwambie majembe ya Ufipa ni mazito kuliko yetu. Shangazi Tekla, aliyenilea wakati ulipokuwa hospitali na goti, mwambie aniweke katika rozari yake. Na kama nafasi ipo, amweke na Skolastika wa Ufipa. Asiulize ni nani. Mama mkuu wa wanakwaya na majirani wote wanaoniulizia, wape salamu.

Ni mimi mwanao, ambaye ni mwalimu bado mpaka barua yao ifike,

Kosmas.